Luanda Ipi?

Jumatano. Mawingu yametanda juu ya ziwa tangu asubuhi, joto linakaba, na mvua haikunyesha. Niliamka na moyo usiotulia, na ninapoandika haya bado haujatulia.

Kwa mgeni wa blogu hii: tangu nilipostaafu ukatekista, nimekuwa katibu wa kamati ya afya ya kanisa letu hapa Kisumu. Zahanati zetu ni kumi na mbili, na kila moja ina jokofu la chanjo. Ndani ya jokofu mna kipimajoto chenye waya, kinachotuma habari zake kwenye seva moja ofisini kwetu. Joto likizidi kiwango, seva hutuma ujumbe kwenye simu zetu. Jokofu likifa pasipo mtu kujua, watoto watadungwa dawa isiyo na nguvu, na mama zao watarudi nyumbani wakiamini kwamba wamekingwa.

Hilo ndilo linaloninyima raha.

Leo seva ya zamani ilikuwa inaachishwa kazi. Akoth, fundi wetu wa kompyuta, alikuja kuhamishia mipangilio yake yote kwenye seva mpya: majina ya zahanati, viwango vya joto, namba za simu za kupokea ujumbe. Nilitarajia kazi ya kutwa nzima. Yeye alifungua dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe, akaandika amri ya mstari mmoja, na mipangilio yote ikatoka ikiwa faili moja. Akalipeleka faili lile kwenye mashine mpya, akaandika amri nyingine ya kuliingiza. Likatokea neno moja tu: imekamilika. Vidoa vya kijani, kimoja kwa kila zahanati, vikajipanga kwenye skrini.

Sekunde nne, labda tano.

"Mzee, imeisha," alisema, huku akianza kukunja waya wa kompyuta yake.

Nilimuuliza amejuaje kwamba kila kitu kimefika. Akasema kingekosekana kitu, mashine ingelalamika. Jibu hilo sikulipenda. Nimefundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, miaka mingi, na wengi walionikalia kimya hawakuwa wameelewa neno lolote.

Nikaanza kumtazama. Kwa nini ana haraka? Mbona simu yake imelia mara mbili, naye akaenda kuipokelea nje? Niliomba seva ya zamani isizimwe hadi jioni, ingawa vipimajoto vyote vilikuwa vimekwisha kuelekezwa kwenye ile mpya. Akashusha pumzi kama mtu anayevumilia. Saa saba nilimpigia mwenyekiti wa kamati, ambaye anaishi Nyamasaria. Kamati inaketi kesho alasiri kuamua kama mkataba wa Akoth utaendelea. Nikamwambia, "Huyu binti kuna kitu anaficha."

Maneno yangu ni hayo. Siyapunguzi.

Kisha nikampigia Sista Peres, muuguzi wa zahanati yetu ya Luanda Kotieno, huko feri inakotoka kwenda Mbita. Nilimchagua kwa sababu umeme wa kwao hukatika mara nyingi. Nikamwomba akitoe kipimajoto jokofuni, afunge mlango, akishike kiganjani.

Tukangoja. Dakika tano. Kumi. Skrini kijani tupu, simu zetu kimya.

"Mzee," Sista akasema, "hiki kijiti nimekishika mpaka kimetoa jasho. Kwani hiyo mashine yenu imeenda lanchi?"

Akoth alisikia. Uso wake ulibadilika, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani nimemkamata.

Nikamwamuru achape faili lote kwenye karatasi. Niliweka rula chini ya mstari wa kwanza nikaanza kusoma. Chuoni, mwalimu wetu wa Agano Jipya alitufundisha makosa ya waandishi wa kale waliokuwa wakinakili Maandiko kwa mkono. Jicho la mwandishi lilipokutana na neno linalojirudia, liliruka kutoka la kwanza hadi la pili, na yote yaliyokuwa katikati yakapotea, naye asijue. Ndiyo maana tulizoezwa kulitafuta kwanza neno linalojirudia.

Ukurasa wa sita: Luanda. Ukurasa wa tisa: Luanda.

Mtu wa huku amekwisha kuelewa. Iko Luanda ya barabara ya Busia, na iko Luanda Kotieno ya ufukweni, nasi tumezoea kusema Luanda tu, tukitegemea anayesikia ajue, au aulize ni Luanda ipi. Kwenye seva ya zamani kila moja ilikaa katika kundi lake. Seva mpya ilitazama majina peke yake. Ilipoifikia Luanda ya barabarani ilidhani ni ile ile inaandikwa upya, ikaifuta ya ufukweni. Haikuuliza, wala haikulalamika.

Akoth alivihesabu vidoa vya kijani kwa kidole. Kumi na kimoja.

"Yawa, jamani," akasema polepole. "Na mimi ningeapa kabisa."

Hakujitetea. Alirudi kwenye seva ya zamani, akaandika majina kamili, akalitoa faili upya. Safari hii aliiagiza mashine mpya ituonyeshe kwanza itakachobadilisha kabla ya kugusa chochote. Tulisoma pamoja, mimi nikitaja jina, yeye akiitikia kama kwenye litania. Kumi na mbili. Sista akakishika kijiti tena, na muda si muda simu zetu zote mbili zikalia.

"Sasa nikirudishe," Sista akauliza, "ama mnataka nikilee?"

Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza leo.

Akifunga mkoba wake, Akoth aliniambia bila hasira, "Baba, leo umeniangalia mchana wote kama mwizi."

Nilimjibu, "Ndiyo."

"Basi kesho uniangalie kama mtu."

Akaenda zake. Zile simu mbili alizozipokelea nje sikumuuliza, na sina haki ya kuuliza. Wala sikumwambia habari ya simu yangu ya saa saba.

Kuishuku mashine ulikuwa wajibu wangu, na nitaendelea nao: kila wiki nitaomba zahanati moja ishike kipimajoto mkononi, maana ile kijani siiamini tena. Lakini hakuna aliyenituma kumshuku binti yule mbele ya mwajiri wake. Nimempigia mwenyekiti mara tatu jioni hii, hapokei. Labda amekwisha kumwambia mwingine, na huyo mwingine amemwambia wa tatu.

Aliyeondoka ofisini leo akificha kitu ni mimi.

Kesho asubuhi nitakwenda Nyamasaria kwa miguu yangu, nikae barazani kwa mwenyekiti hadi atoke, niyafute maneno yale kabla kamati haijaketi. Ila kabla ya kutoka nyumbani nitampigia Akoth. Nataka ayasikie kwangu kwanza, hata kama hatanipokelea simu tena baada ya hapo.