Papa, Kompyuta Nimeifungua Kabla ya Kuiamini

Papa wangu uliyelala,

Ungekuwepo juma lililopita, tungeshuku pamoja. Furaha, kitinda mimba wako, anakaribia kutetea kazi yake ya mwisho chuoni, na sura nzima ya kazi hiyo ilimpotea siku umeme wa mtaa wetu wa Bagira ulipokatika, kisha ukarudi kwa hasira na kuunguza kompyuta yetu kubwa. Asipowasilisha kwa wakati, atarudia mwaka. Nikaapa kumtafutia nyingine: ndogo, ya kuandikia na kusomea tu, inayoweza kuishi kwa betri ya sola uliyotuachia.

Unaikumbuka redio ya soko la Kadutu? Muuzaji aliisifu, nawe ukaitazama jenereta iliyonguruma mlangoni pake. "Dukani kila kitu ni kizima," ukaniambia. "Tutaisikia nyumbani." Ukamwachia viatu vyako kama dhamana, tukarudi Bagira, wewe ukiwa umevaa sandali za plastiki na heshima yako yote. Redio ilikoroma kidogo, ikanyamaza. Ukairudisha bila neno la hasira.

Basi nilimpeleka Furaha kwa Tonton Déo, yule ami wa heshima uliyeimba naye kwaya, ambaye siku hizi anauza kompyuta. Akatuwekea moja nyeusi, pana.

"Hii iko ya Ulaya, mon petit. Hata vumbi yake ni ya Ulaya."

Nikaomba bisibisi. Akaudhika. Nikamweleza kwamba bidhaa isiyofunguliwa ni imani, na imani mimi naiweka kanisani. Furaha akanivuta shati, mimi kaka yake mkubwa.

"Yaya, unatafuta mashine ao bibi wa kuoa?"

Tulipoifungua, kumbukumbu ilikuwa nusu ya ile aliyotuapia, na feni ilikuwa imekwama kwa vumbi jekundu ambalo, Papa, halijawahi kufika Ulaya.

"Basi ujenge yako!" akafoka Tonton.

Nikaijenga. Humo humo dukani mwake nilichagua kisanduku cha kompyuta kisichozidi ukubwa wa Biblia yako, kisicho na feni, kinachoridhika na umeme kidogo. Kumbukumbu na diski nikazikagua moja moja kwenye mwanga wa mlangoni kabla ya kuzipachika. Nilipotaka kwenda kukijaribu nyumbani kabla ya kulipa, nikampa Tonton dhamana: diploma yangu, ambayo natembea nayo mkobani nikitafuta kazi.

Tonton akacheka hadi akakohoa. "Diplome? Ya kwangu inafunika ndoo ya maji. Vua viatu." Nikavua, nikakibeba kisanduku nyumbani pekupeku.

Watu walisema hukumwamini mtu. Mimi nabisha, na nitaendelea kubisha: ulitupenda kiasi cha kukataa tudanganywe. Nimelijua hilo sasa, kwa kuwa nashuku kama wewe. Nashuku waya, nashuku joto la kisanduku, nashuku hata ukimya wake.

Jana mchana umeme ulikatika mtaa mzima. Majirani walipiga kelele. Nikakimbilia chumbani, tayari kwa kilio cha dada yangu. Alikuwa akiandika hitimisho lake, herufi zikifuatana kwenye skrini iliyolishwa na betri yako. Hakujua hata kwamba umeme umeondoka.

"Yaya, toka hapo," akasema bila kuinua macho. "Unanizibia dirisha."

Nikatoka, lakini nikasimama nje ya mlango, nikisikiliza vidole vyake. Havikukoma.

Lala bila wasiwasi, Papa. Wasiwasi wote niachie mimi.

Mwanao mkubwa