Fundo la Uzi wa Buluu

Kaukira, 8 Julai 2001

Mwanangu Eldwin,

Habari za huko kisiwani Roatán? Unakula vizuri? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku wazima kiasi chetu. Baba yako anakusalimu kutoka kwenye kile kiti cha magurudumu ulichomletea Pasaka. Siku hizi anajisukuma mwenyewe mpaka kanisani na kurudi, na watu wakimwona wanasema, Lemuel ana mtoto. Nami najivuna, usidhani sijivuni.

Ila leo nimekasirika. Mdogo wako Norvin ameandikisha jina kwenye meli ya Nahodha Fermín. Msimu wa kambakoche unafunguliwa mwezi ujao, naye anataka kupiga mbizi. Nimelia, nimegomba, nimemfichia viatu. Akanicheka: "Mama, kwani kule chini wanaenda na viatu?" Hana aibu yule. Anamwona baba yake kila siku. Miaka kumi na miwili sasa tangu hewa ikatike katika mashine yake akiwa pima ishirini, akapanda juu mbio kuliko mwili unavyokubali, wakaniletea mtu amebebwa kama gunia la mihogo.

Wewe kazi yako ni kutengeneza hizo regulata, hiyo mashine ya kuvutia hewa ya mtungi. Watalii wanapumua kwa mikono yako. Ndugu yako je? Mpelekee moja nzuri. Kama huwezi, basi nifundishe namna ya kuichagua, maana kwenye meli zinagawiwa tu kama vijiko. Darasa la tatu niliishia lakini macho ninayo.

Jibu upesi. Tangu Pasaka hujaandika hata mstari.

Mama yako


Roatán, 16 Julai 2001

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeisha, na nakula. Msalimie baba. Nilichelewa kuandika kwa sababu ya kazi.

Mama, usinigombeze mimi kwa makosa ya Norvin. Mwambie asiende, basi. Regulata nzuri hata mimi siwezi kuinunua, na za duka ninalofanyia kazi zina namba. Ikipotea moja napotea na mimi.

Ukitaka kuchagua, fanya hivi. Shika kile kichwa cha chuma kinachofungwa kwenye mtungi, ziba tundu lake kwa kidole gumba, kisha weka ile ya mdomoni uvute. Ikivutika hewa, pana mahali inavuja, iache. Inatakiwa ikukatalie kabisa mpaka midomo igande. Halafu chungulia ndani ya tundu. Kuna kichujio kama kijisarafu. Kikiwa cheupeupe, sawa. Kikiwa cha kijani, maji ya bahari yameingia. Kikiwa chekundu, kimekula kutu ya mtungi, na siku moja hewa itakuja kidogokidogo kama inapita kwenye mchanga. Kunja mpira pale unapoingia kwenye chuma. Ukiona nyufa, weka chini. Mwisho waifunge kwenye mtungi, Norvin avute huku unatazama saa ya hewa. Mshale ukirukaruka kila akivuta, hiyo siyo.

Na ikioshwa, lile tundu lifunikwe kwanza kwa kifuniko chake. Watu wengi wanaziua kwa kuziosha.

Wala usiende mwenyewe gatini, mama. Wale si watu wa kubishana nao.

Mwanao,
Eldwin


Kaukira, 25 Julai 2001

Eldwin,

Salamu nimeshazitoa barua iliyopita. Mimi mzima na nimekwenda gatini.

Nilimchukua jirani yetu Saturnina, maana mwanawe Delmar naye kaandikishwa. Tulikuta regulata zimemwagwa juu ya turubai, arobaini na kitu. Nikakaa chini nikaanza. Naziba, navuta, nachungulia. Naziba, navuta, nachungulia. Wanaume wakakusanyika. Nahodha Fermín akasema, "Mama, umezibusu zangu zote, mume nyumbani hatoshi?" Wakacheka. Nikamwambia, "Alitosha mpaka alipotia mdomoni takataka yako." Saturnina akanifinya paja, "Dada, taratibu, wasije wakawaachisha watoto kazi." Nikamwambia, laiti.

Nilipata sita tu zilizonikatalia vizuri. Nyingine za zamani zilikuwa zinavuja hewa kama kapu. Hizo nilizitegemea. Sasa sikiliza ambayo sikuyategemea.

Zilikuwapo ishirini na mbili zinazong'aa. Nje zinameta, hata Saturnina akasema hizi mpya. Nikazisogeza puani: siki. Mikono yako ilinuka siki hivyo hivyo Pasaka nzima, ukasema ndiyo mnayosafishia chuma. Nikachungulia ndani: nyekundu, nyekundu, kijani, nyekundu. Na ile sehemu ya kung'ata haikufungwa kwa kibanio cha plastiki kama zile nyingine. Imefungwa kwa uzi wa nyavu wa buluu, mizunguko miwili, ncha imerudishwa chini ikafichwa.

Nalijua fundo hilo. Baba yako alilitunga mwenyewe na alilifundisha nyumbani mwake tu. Norvin hajawahi kuliweza.

Nikamuuliza wakala wao, hizi za wapi? Akasema, "Roatán, mama. Kuna fundi mmoja mwelewa sana."

Nilimchagulia Norvin moja katika zile sita. Mbele ya Saturnina sikusema kitu juu ya uzi. Nilimwambia tu, "Delmar naye achukue katika hizi," nikamwekea kando moja nzuri, tukaondoka. Niambie kuna mtu mwingine huko anayefunga hivyo. Niambie umemfundisha rafiki. Meli inaondoka tarehe mbili. Barua hii naipeleka kwa ndege ya leo, nijibu kwa ndege ya kwanza.

Mama yako


Kaukira, 3 Agosti 2001

Eldwin,

Ndege imekuja mara mbili. Hakuna barua.

Meli imeondoka jana. Ilinipasa kupiga kelele pale gatini nami nikafunga mdomo. Nilikuwa nakungoja wewe useme siyo. Wametoka wapiga mbizi thelathini, mama zao wanapunga mikono, nami katikati yao napunga na mimi, mnafiki mkubwa.

Jibu hata kwa tusi.

Mama


Roatán, 9 Agosti 2001

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sijui nianzeje.

Ni mimi. Duka lilizikataa zile regulata, wakaniambia nizivunje kwa nyundo nizitupe. Wakala wa Fermín alikuwa hapa anatafuta za bei rahisi. Nikazitia kwenye siki, nikabadilisha za kung'ata, nikamwambia zinahitaji vichujio na vipuri vya ndani kabla ya kutumika. Nilimwambia, mama, naapa. Akacheka akasema sawa. Nilidhani wataweka.

Hapana, sikudhani. Nilitaka kudhani.

Lakini na wewe niangalie. Kile kiti cha baba kimetoka humo. Alikuwa anajiburuza kwenye kigoda cha mbao, makalio yana vidonda, wewe mwenyewe uliniandikia ukilia. Ulitaka nikitoe wapi? Ulishukuru ukapiga magoti. Hukuuliza. Na zile walizokuwa nazo zamani zilikuwa mbaya zaidi, hata umezivuta mwenyewe.

Meli ikirudi mwambie Fermín asizirudishe tena majini. Nitatafuta vichujio. Usimwambie baba.

Mwanao,
Eldwin


Kaukira, 19 Agosti 2001

Eldwin,

Sikuulizi hali.

Meli imerudi siku mbili kabla ya wakati. Norvin amerudi na miguu yake. Delmar hana yake.

Ile nzuri niliyomwekea kando, mtu mzima mmoja alimnyang'anya siku ya kwanza, wakamtupia nyingine. Norvin anasema walikuwa pima kumi na tisa, mzamo wa nne wa siku hiyo. Delmar akawa anavuta, hewa inakuja kidogo, anavuta zaidi, inakuja kidogo zaidi, ikakatika. Akapanda kama risasi. Alipotolewa alikuwa anaongea na kutania, anasema ameona malkia wa bahari na ni mbaya kwa sura. Baada ya nusu saa akaomba wamkune goti. Walikuwa wanamkuna, naye anaendelea kuomba. Ana miaka ishirini.

Norvin aliificha ile regulata chini ya shati akaileta nyumbani. Aliiweka kwenye mapaja ya baba yako. Eldwin, ulisema nisimwambie. Sikumwambia. Vidole vyake vilimwambia. Alilishika lile fundo, akalizungusha, akaipapasa ile ncha iliyofichwa. Akauliza, "Hiki kiti nilipewa lini?" Nikasema Pasaka. Akauliza, "Na hizi ziliuzwa lini?" Akasema, "Nishusheni."

Tukamshusha sakafuni. Akamwambia Norvin apeleke kiti kwa Delmar, sasa hivi, na asisubiri asante. Amerudi kwenye kigoda chake. Usiku analalia tumbo.

Umeniambia sikuuliza kiti kimetoka wapi. Kweli. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa nafurahi. Na gatini niliziona mbovu ishirini na mbili nikaokoa watoto wawili, mmoja wangu na mmoja wa shoga yangu, wa wengine nikamwachia Mungu ili jina lako lisitajwe. Hata huyo wa pili sikumwokoa. Hasira niliyo nayo juu yako ninayo na juu yangu, kwa hiyo usidhani nimekaa juu nakutazama chini. Lakini wewe ulijua ndani mna nini. Ulichungulia kabla yangu. Umenifundisha wewe mwenyewe kuchungulia, na ulipokuwa unaniandikia nyekundu ni mbaya ulikuwa umeshauza nyekundu.

Zile nyingine hazipo tena. Juzi asubuhi mimi na Norvin tumeingia melini na nyundo ya baba yako. Fermín akaja juu, "Mama, hiyo ni mali yangu!" Nikamwambia, "Nishitaki. Nitakuja na fundi wako kama shahidi." Akaniacha nigonge. Kazi uliyoambiwa uifanye wewe, nimeifanya mimi, na mkono unaniuma.

Sasa sikiliza. Jana Saturnina alikuja. Macho yamevimba, lakini amevaa gauni lake la kanisani. Amebeba mkate wa nazi, wa moto bado, umefungwa kwenye kitambaa. Akasema, "Dada, huu ni wa Eldwin. Akija mtu wa kwenda kisiwani mpelekeeni. Mwambieni Delmar amejisukuma mpaka mlangoni akaiona bahari. Mwambieni Mungu ambariki aliyenunua kile kiti." Kisha akanikumbatia. Nami nikasimama kama mti.

Jumapili hii baada ya ibada nitamweleza sehemu yangu, niliyoyaona gatini na nikanyamaza. Yako sitayasema. Yako utayasema wewe, kwa mdomo wako, ndani ya nyumba yake, Delmar akiwa anakutazama. Ndege inatua Alhamisi. Usilete vichujio, usilete zawadi.

Mkate upo mezani. Baba yako hataki hata kuutazama, Norvin hataki, na mimi kisu hakiendi. Njoo uule wewe.

Mama yako