Breki za Mwenye Vidole Vifupi

Binti yangu,

Chai imo kwenye chupa. Anua nguo mvua ikianza. Baiskeli usiitafute, niko nayo kwa fundi.

Asubuhi, ulipokuwa bado unakoroma, niliipakia mizigo yako yote ya safari nikaijaribu kwenye mteremko wa shule. Ile mikono ya breki uliyoichagua kwa kung'aa ni ya watu wenye vidole virefu. Vyako vifupi, umevirithi kwangu, pole. Nilivuta kwa ncha za vidole, baiskeli ikaendelea na mambo yake. Tulisimama ndani ya rundo la maranda, kwa seremala.

Akaniuliza, "Mama, umekuja kuagiza kitanda?"

Nikamjibu, "La, nimekuja kukijaribu."

Goti limevimba kidogo. Usiliulize.

Fundi atakufungia mikono mifupi, na breki za waya badala ya hizo za mafuta. Waya ukikatika njiani, yeyote mwenye koleo atakufaa. Mafuta yakivuja utabaki kuita mama, na mama atakuwa mbali. Najua utasema ni za kizamani. Nuna tu, ila nuna huku unakula. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nimeumwa leo hii.

~~Safari iahirishe.~~

Safari iko palepale, kesho asubuhi. Lakini leo jioni utashuka mteremko ule na mizigo yote, mimi nikiwa nimesimama chini nakuangalia. Seremala nimemwomba asizoe maranda.

Mama yako