Marinda ya Bega la Kushoto

Mwaka umetimia, Dorika, tangu tulipokulaza kaburini pale Lyamkena siku ya upepo mkali, na Makambako bado inavaa nguo zako. Ungepita sokoni leo ungekutana na mshono wako kwa muuza viazi, kwa mwalimu, kwa mama anayeshuka kwenye basi la kutoka Njombe. Zamani tungevimba vichwa. Siku hizi tukiliona gauni lile kwa mbali tunaogopa, na ni haki yako kuambiwa kwa nini.

Kwanza tukukumbuke ulivyokuwa. Ulikuwa fundi cherehani, lakini kwa kina mama wa mji huu ulikuwa zaidi ya fundi. Jumapili watu waligeuka kutazama mlango wa kanisa, na si kwa sababu ya mchungaji. Uliingia lemba limesimama, viatu vimepigwa rangi na Hezekia mumeo, ambaye hakuruhusu mtu mwingine avishike. "Ukivaa vizuri," ulikuwa ukisema, "hata habari mbaya inabisha hodi kwanza."

Ulimi wako nao tunaukumbuka. Binti akija na simu, akikuonyesha msanii wa Dar es Salaam mwenye gauni la mabega wazi, ulimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni ukamuuliza: "Huyu amewahi kusimama stendi ya Makambako mwezi wa saba?" Kisha ulimshonea hilo hilo, ukaongeza na kikoti cha kitambaa hicho hicho bila kumwambia, na baridi ya mwezi wa saba ikifika anakuja kushukuru. Mishono ya samaki uliiita ya watu wasiopanda bodaboda. Suruali za kubana hukuzipinga. Ulisema tu mwenye suruali lazima aweze kuchuchumaa akachochea moto, la sivyo ni suruali ndiyo imemvaa yeye. Watoto wa kipaimara waliotoka nyumba zenye shida uliwashonea gauni jeupe, na walipopanga mstari hakuna aliyejua yupi ni yupi.

Halafu ukaja ule mshono. Ilikuwa Pasaka, miaka mitatu iliyopita. Uliingia kanisani na gauni la kitenge cha kahawia, marinda mapana yameanzia bega la kushoto, yakafunika kifua upande ule mpaka kiunoni. Kulia hukuweka kitu. Kabla ya Pentekoste kwaya ya kina mama ilikuwa imeshakubaliana kuufanya sare, na jina ukapewa: "Nishonee Dorika." Hata Njombe mafundi waliuiga. Wengine waliweka marinda kulia, ukakasirika kuliko tulivyotegemea.

Mwalimu Rosemary, mteja wako wa siku nyingi, ndiye aliyekuuliza waziwazi.

"Mama Jenifa, kwa nini kushoto tu?"

"Kulia kunafanya kazi, mwalimu. Kushoto kunapumzika."

Tukacheka wote, nawe ukacheka. Kila baada ya miezi michache uliongeza rinda moja. Kitambaa nacho kikawa kizito zaidi. Tulisema Dorika hachoki kubuni.

Mwezi wa tano mwaka jana ulianguka kwenye cherehani. Hospitalini muuguzi alichukua mkasi akakata gauni kuanzia begani, na Jenifa binti yako, aliyekuwa ameshika kichwa chako, akaona kilichokuwa chini ya marinda. Ulikuwa umekifunga kwa vipande vya bitana, safi, kwa usafi wako ule ule, ukavishikiza na pini. Daktari aliuliza titi lile lina kidonda tangu lini. Akamtazama Hezekia. Mtu mzima yule, aliyelala ubavuni mwako miaka thelathini, alijibu kwa sauti ndogo: "Alikuwa analala na koti. Nilidhani ni baridi."

Nani hapa angedhani vinginevyo? Mji mzima unalala na makoti. Wiki tisa baadaye tukakuzika, na kwenye wasifu uliosomwa kanisani tukaandika kwamba uliugua kwa muda mfupi. Tulidanganya, Dorika. Tuliona aibu kwa niaba yako, tukanyamaza, na wenzako wakaendelea kuvaa bila kujua wanavaa nini.

Jenifa akarithi cherehani, futikamba na wateja. Yeye ni mtu wa suruali na sweta, na mshono ule hakuwahi kuupenda, lakini wateja hawakutaka kingine. Wiki ya harusi alishona minne, mitano. Alizungusha futikamba kifuani mwa mtu akajiuliza. Huyu anataka kupendeza, au ana la kuficha? Mama mmoja wa kutoka Lugarawa aliomba marinda yaongezwe uzito kidogo. Jenifa akamuuliza sababu.

"Si ndiyo fasheni?" yule mama alijibu, akitazama ukutani.

Jenifa akashona. Hakuuliza tena, na hilo linamkaba mpaka leo.

Mwezi wa nne mwaka huu, akiwa anaoga asubuhi, mkono wake ulikutana na kitu. Kilikuwa kidogo kama punje ya njegere, kigumu, hakiumi. Kushoto. Aliuondoa mkono, akaurudisha. Akamwaga maji yaliyobaki, akavaa, akaenda kazini kama kawaida, na kabla ya saa nne alikuwa amekata kitambaa chake mwenyewe. Alituambia baadaye kwamba hata hakuamua. Mkasi ulikuwa mkononi, na mshono ule alishaujua bila kupima.

Ndoa yake na Yusto imepangwa mwezi wa tisa, na posa ilishapokelewa. Hatumlaumu mtu wa miaka ishirini na saba kwa kumwomba Mungu miezi mitano ya kutokujua. Gauni alilikunja akaliweka kabatini. Mwezi wa sita, ile punje ilipokuwa imeongezeka, akalitoa. Jumapili ile alipoingia kanisani lemba limesimama, marinda yamemfunika, watu walinong'onezana kwa furaha: "Mama yake mtupu!" Lidia mdogo wako hakunong'ona. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

Kesho yake Lidia akaenda dukani kwa Jenifa, akamkuta amelivaa tena.

"Kamwene, Jenifa."

"Kamwene, mama mdogo. Karibu uketi."

"Siketi. Vua hilo gauni."

"Mama mdogo jamani! Wateja wakiingia je?"

"Basi funga mlango."

Jenifa akacheka, na kicheko kilikuwa chako, Dorika, kile ulichotucheka nacho sote. Lidia anasema kilimtisha kuliko gauni.

"Ni fasheni tu, mama mdogo."

"Mama yako naye aliniambia ni fasheni. Nikaamini, nikashonewa na langu la kijani. Vua mwanangu, au nikuvue."

Jenifa alishika ukingo wa meza.

"Nikienda wakanikuta nayo, Yusto atakubali kuoa mgonjwa?"

"Na usipoenda, ataoa nani?"

Hapo ndipo alipolia. Akafungua zipu mwenyewe.

Jumatano wakaenda hospitali ya Ilembula. Madaktari walichukua kipande kidogo cha ile punje kwa sindano, kikapelekwa mbali kupimwa, Jenifa akaambiwa asubiri wiki tatu. Yusto ameambiwa kila kitu. Anakuja kila siku kukaa dukani, na hatujui kama ni mapenzi au naye anasubiri majibu kwanza. Hezekia amekuwa mtu wa kuuliza watu kwa nini wamevaa koti, hata asubuhi ya ukungu ambapo yeye mwenyewe anatetemeka. Nyumba yako imejaa watu na hakuna anayemaliza sentensi.

Jenifa ndiye aliyetaka tuandike haya, na ugonjwa wako tuutaje kwa jina lake: saratani ya titi. Nusu ya ukoo ilikataa. Amon, mwanao wa kwanza, alisema tunakuvua nguo mbele za watu.

"Mama tulimwacha amevaa mpaka akafa," Jenifa akamjibu, na Amon akatoka nje, akarudi, akasema tuandike.

Kwa hiyo, wewe unayesoma haya, kama ndani ya gauni lako unajua kuna kitu, Lidia anapatikana Lyamkena. Atakusindikiza na hatauliza maswali. Na yule mama wa Lugarawa tunamtafuta. Anayemfahamu amwambie kwamba fundi wake anamwomba arudi, gauni lile halijaisha.

Ibada ya kukukumbuka ni Jumapili hii. Majibu ya Jenifa yanatoka Alhamisi.

Unakumbukwa na mumeo Hezekia. Na mwanao Amon na mkewe Peace. Na wajukuu zako. Na mdogo wako Lidia. Na kina mama wa kwaya, ambao watakuimbia wakiwa wamevaa nguo zao za kawaida. Na binti yako Jenifa, ambaye mwakani pia tunataka jina lake liwe upande huu huu, wa wanaokumbuka.

Hutatutoka moyoni maisha yetu yote, Dorika. Ila Jenifa tuachie.