Kompyuta Iliyodhani Iko Bunda

Jumatatu, 3 Machi. Musoma.
Programu imekamilika. Sitagombana tena na mipangilio kila kituo. Maabara yetu ina laptop moja ya majibu ya vipimo, na mimi fundi ndiye ninayeizungusha: Jumatano Bunda, Ijumaa Butiama. Asubuhi napakia majibu ya kituo hapa Musoma. Nikifika, programu inatambua ruta ya pale, kile kisanduku cha intaneti, inachagua mtandao na printa ya kituo, maana printa zetu zote hupokea kazi kwa intaneti, inaprinti yote, inafuta orodha. Karatasi haina jina, namba tu, kwa siri ya wagonjwa. Leo najisikia fundi kweli.

Jumatano, 5 Machi. Bunda.
Kazi imekwenda kama maji. Bosi kapiga simu: radi imeunguza ruta ya Butiama. Nichukue ya Bunda niipeleke huko, Bunda watanunuliwa nyingine. Ndiyo kawaida yetu, kuvua huku na kuvika kule. Nimeitia kwenye begi.

Ijumaa, 7 Machi. Butiama.
Ruta imewaka. Mtandao upo. Orodha tupu, na karatasi haijatoka hata moja. Nimefungua printa, nimepuliza vumbi, nimechomoa waya na kuchomeka. Kimya. Labda sikupakia vizuri asubuhi, nilikuwa na haraka.

Watu nimewaambia majibu hayajafika. Mugesi, anayeuza vitumbua pale mlangoni, ana mimba ya miezi minane. Akanitania: "Fundi, damu yangu umeimwaga njiani?" Nikacheka, nikamwambia Ijumaa ijayo. Midomo yake ilikuwa myeupe. Sikuipenda.

Jumatatu, 10 Machi. Musoma.
Maabara wanaapa majibu ya Butiama yalipakiwa. Nimekagua kumbukumbu za laptop: yameprintiwa yote, Ijumaa, saa nne asubuhi. Saa nne nilikuwa nimesimama mbele ya printa. Yametokea wapi?

Nakala zimefungwa kwa bosi. Bosi yuko msibani Bukima, simu haipatikani. Sijala vizuri.

Jumatano, 12 Machi. Bunda.
Ruta mpya ipo, wameifunga tangu Alhamisi. Nimewasha laptop, programu ikauliza: hapa ni wapi? Bunda! Haijawahi kuniuliza Bunda.

Rhobi wa mapokezi akaanza: "Magesa, printa yako ina mapepo. Ijumaa imetoa makaratasi yenyewe, hakuna mtu. Nimeyakata vipande vya kuandikia namba za foleni, si unajua huwa nakataga yaliyoharibika?"

Nikaitazama ile ruta mpya. Programu haijui mji. Inajua ruta tu. Na ruta ya Bunda niliibeba mwenyewe kwenye begi. Laptop ilikuwa Butiama ikidhani iko Bunda, ikatuma majibu ya watu huku.

Tumepita kwenye mabenchi tukiomba vipande vya foleni. Watu wamenuna, wanadhani tunawapokonya zamu. Tumeviunganisha mezani. Kimoja kina namba ya mgonjwa, 214. Nusu yake nyingine ilikuwa kwa mzee wa mwisho kwenye benchi, ameikunja ndani ya kofia. Wingi wa damu: 5. Mjamzito anatakiwa awe na kumi na moja.

Nimempigia mhudumu wa Butiama asome daftari. 214 ni Mugesi. Hajaja kuuza vitumbua tangu juzi.

Naogopa. Natafuta pikipiki.

Alhamisi, 13 Machi. Musoma.
Jana nilimkuta kwa mama yake, amelala, anahema kama aliyepanda mlima. Tulikodi gari mpaka hospitali hapa Musoma. Daktari alitazama kile kipande kilichobandikwa gundi, akauliza ni cha lini. Nikasema cha wiki iliyopita. Akanitazama, akamwita nesi.

Wamemwongezea damu. Na yangu wametoa. Mama yake kanishika mikono yote miwili: "Mungu amekutuma, baba." Nimeona aibu mpaka kwenye mifupa. Sikumwambia.

Jumapili, 16 Machi. Musoma.
Programu nimeiondoa. Kituo nachagua mwenyewe, kwa mkono, na nasoma jina la printa kwa sauti.

Baada ya ibada nimepita hospitali. Mugesi amekaa, anakunywa uji. Amejifungua jana, kabla ya wakati. Mtoto wa kiume, mdogo, anapumua vizuri. Bibi yake amesema ataitwa Magesa, kwa sababu ya yule aliyeleta karatasi. Nilifungua mdomo niseme nani aliipoteza. Wote walikuwa wanacheka.

Nesi akanipa kalamu niandike jina, lisije likakosewa. Nikaliandika.