Picha ya Shingo Kutoka Kibondo

Kasulu

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Hapo Tanga mnalala na kuamka salama? Mimi ni mzima, ila baridi ya asubuhi ya huku bado sijaizoea.

Juzi tumepata mtihani. Nestori, yule Muha wa Kumsenga ninayefanya naye kazi ya mtandao, mdogo wake alianguka kutoka juu ya paa alilokuwa akiezeka. Hospitalini Kibondo wakampiga picha ya shingo, wakaanza kuituma kwa daktari bingwa Dar. Gari la wagonjwa lilikuwa linanguruma nje, wanangoja jibu tu: asafirishwe au asiguswe.

Picha haisogei. Intaneti yao yote hupitia kwenye seva yetu hapa Kasulu, kompyuta ya kawaida tuliyoigeuza ruta ya kuelekeza mawasiliano. Ina prosesa nane za kugawana kazi. Kutazama, moja imeelemewa, saba zimekaa bure. Pakiti zote za Kibondo, yaani vipande vya data, hufika zimefungwa kwenye bahasha za anwani moja, basi mashine ikadhani zote ni mzigo mmoja, ikaitwika prosesa moja. Ilinibidi niiamuru itazame ndani ya bahasha ndipo igawe, ila vipande vya picha moja vipite pamoja visije vikavurugika. Na kufanya hivyo lazima nikate mawasiliano kidogo.

Nikampigia daktari wa Kibondo.

"Imefika wapi?" akauliza.

"Imevuka nusu."

"Ukikata?"

"Inaanza upya, daktari."

Nestori alikuwa nyuma ya kiti changu, namsikia anavyohema. "Na usipokata, dada?"

"Sijui kama itafika."

"Kata," daktari akasema.

Nikakata. Mashine ikarudi, nikaona prosesa zote nane zinapanda pamoja. Picha ikapita. Nestori akasema "Imana" basi, yaani Mungu kwa Kiha chao, akakaa chini sakafuni.

Bingwa akajibu kuwa mfupa umepasuka, asiinuliwe kabla ya kufungwa shingo. Gari likazimwa.

Jana Nestori amerudi kutoka Kibondo. Hata salamu hakutoa. "Anachezesha vidole vya miguu," akasema, akawasha kompyuta yake, akabaki anaitazama tu bila kugusa kitu.

Nisalimie kaka pale dukani kwake, na shangazi anayekupikia. Na katika dua zako mtaje huyo mgonjwa. Anaitwa Yona.

Ni mimi mwanao,
Mwanaidi