Siku ya Zuhura

Jumatatu, 4 Machi

Kitabu changu kimerudi kutoka kwa mchapishaji. Sura ya sayari jirani. Niliandika: siku ya Zuhura ni ndefu kuliko mwaka wake. Mhariri kageuza: mwaka wa Zuhura ni mrefu kuliko siku yake. Kageuza bila kuuliza! Pembeni, kwa penseli: "Mama alipitiwa."

Eti mimi nilipitiwa. Mimi ninayewapigia watu kelele waache upuuzi wa "nyota nzuri ya alfajiri". Si nyota. Ni tanuri la mawe — mawingu ya tindikali, hewa inayokandamiza mara tisini kuliko yetu, joto la kuyeyusha risasi. Linajizungusha kinyumenyume, kivivu: siku zetu 243 kwa mzunguko mmoja. Kulizunguka Jua: 225. Sasa ipi ndefu?

Jumanne, 5 Machi

Nimempigia mhariri simu. Upole wake unakera. Anasema, lakini mama, siku ni kipande cha mwaka, kipande hakiwezi kuzidi kizima. Hesabu ya kugawana mkate hiyo.

Nimemwandikia mkurugenzi wake: achague, mimi au yeye.

Mdogo wangu kaisoma barua jikoni, anacheka. "Dada, wewe hata jiwe ungeligombeza kwa kukaa vibaya." Kisha akaacha kucheka. Yule bwana si ndiye aliyepata mapacha juzi? Nikamwambia kuzaa hakufundishi falaki.

Alhamisi, 7 Machi

Mkurugenzi kajibu. Kesho asubuhi, sote watatu. Kosa likithibitika, mhariri anaondoka. Keshaonywa vya kutosha.

Vizuri. Nikashusha vitabu vyangu vyote nimchimbie kaburi. Cha kwanza: 243. Cha pili vilevile. Cha tatu, kikavu kama kuni, kinauliza nisichowahi kuuliza: siku gani? Ukipima jiwe lenyewe linavyojizungusha, 243. Ukisimama juu yake — husimami, utaiva — ukangoja toka macheo mpaka macheo, 117 tu. Kwa sababu ya kule kwenda kinyume, Jua linawahi kurudi. Tena linachomoza magharibi.

Na sisi tukisema siku, tunasema nini? Bibi yangu alihesabu macheo. Hakupima jiwe.

Kwa hiyo mjinga kapatia. Hajui kwa nini, na hatajua. Katupa jiwe gizani, na anayelia uwi ni mimi.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya mlango wa mkurugenzi. Mhariri yuko kando yangu, shati limepigwa pasi mbele tu. Kaniamkia shikamoo, kanisogezea nafasi. Baadaye kauliza, kwa kujifunza tu, mama, hivi siku ya kule inahesabiwaje?

Bado ni mjinga. Bado aligusa sentensi yangu bila ruhusa, na juu ya hayo akanihurumia. Hilo nitalisema popote. Lakini sentensi yangu ni sahihi, na yake ni sahihi, na humo ndani wanataka kosa.

Nikamjibu, inategemea umesimama wapi. Akaitikia kwa kichwa. Hakuelewa hata chembe.

Mlango umefunguliwa. Mkurugenzi anatabasamu. Ananiambia leo hataki hotuba: mhariri alikosea, ndiyo au hapana?

Mhariri kasimama. Mimi bado nimekaa. Najifanya namalizia sentensi